Kiingereza kilikookota maneno yake, na uongo tunaotumiana

Kila kundi la WhatsApp la ukoo lina mtu wa kazi hii. Alfajiri anatuma ujumbe uliopambwa maua: "Je, wajua? FAMILY maana yake ni Father And Mother I Love You." Kesho yake ni zamu ya POLICE, keshokutwa SCHOOL, na mwisho wa wiki NEWS, ambayo tunaambiwa ni pande nne za dunia zilizofupishwa. Wajomba wanajibu "Amina", shangazi anaweka emoji ya machozi, na ujumbe unaruka kwenda kundi la kwaya.

Hakuna hata moja lililo kweli hapo. Na ukweli wenyewe unachekesha zaidi.

"Family" limetoka kwenye neno la Kilatini "familia", na hilo lilizaliwa na "famulus", yaani mtumishi au mtumwa. Kwa Warumi wa kale, familia ilikuwa kila aliye chini ya mamlaka ya mwenye nyumba, watumwa wake wakiwamo. Humo ndani "nakupenda" haimo. "School" lilianzia kwa Wagiriki, "skhole", na maana yake ya mwanzo ni muda wa mapumziko, kwa kuwa mtu mwenye nafasi ndiye aliyeweza kukaa chini akajadili mambo ya elimu. Mweleze hayo mtoto anayeamshwa saa kumi usiku kuwahi gari la shule. "Police" mizizi yake ni "polis", mji kwa Kigiriki, likapitia Kilatini na Kifaransa kabla ya kuvaa kofia. Na "news" ni "new" lililotiwa wingi, mambo mapya basi. Wafaransa nao husema "nouvelles", mapya, na katika neno hilo hutaikuta Kaskazini wala Kusini.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane juu ya maneno machache. Asili ya neno na njia liliyopita mpaka kutufikia huitwa etimolojia. Neno lililochukuliwa kutoka lugha nyingine ni neno mkopo, ingawa hakuna lugha iliyowahi kurudisha mkopo huo. Namna ya kuliandika neno ni tahajia. Neno lililoundwa kwa herufi au silabi za mwanzo za maneno mengine ni akronimu. Na ile hadithi tamu inayotungwa baadaye ili kueleza neno ambalo asili yake imesahaulika, tutaiita etimolojia ya kubuni. Hii ya mwisho ndiyo inayotujaza simu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunanaswa upesi na akronimu za uongo kwa sababu tunaishi na za kweli. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na watu wengi walilizoea neno kabla ya kujua limefupishwa nini. VICOBA ilianza kama kifupisho cha Kiingereza cha benki za vijijini. Leo mama anasema "nakwenda kwenye kikoba" na "vikoba vyetu viwili", kana kwamba neno lilizaliwa na ngeli yake. Basi mtu akituambia "police" nalo ni kifupisho, akili haishtuki.

Lakini kwa Waingereza mtindo wa kuzitamka herufi za mwanzo kama neno kamili ni wa juzi. Ulishika kasi katika karne ya 20, pamoja na majeshi, mashirika na sayansi: "radar" ni ya miaka ya Vita Kuu ya Pili, "laser" ilikuja karibu na mwaka 1960. Hapo ndipo unapopata kipimo rahisi. Ukisikia neno la zamani sana likielezwa kwa akronimu, weka shaka. Chukua "golf", ambalo eti ni onyo kwamba mchezo ni wa wanaume na wanawake wasikanyage. Bunge la Scotland lilipiga marufuku mchezo huo mwaka 1457, pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde na mishale. Neno lilikuwepo tayari, katika lugha ya Waskoti, karne nyingi kabla ya mtindo wa akronimu kushika kasi kwa Waingereza.

Hata SOS, ile ishara ya meli inayozama, haikuanza kama "Save Our Souls". Wajerumani waliianza mwaka 1905 na mkutano wa kimataifa wa Berlin ukaikubali mwaka 1906, kwa sababu moja tu: kwa alama za Morse ni nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, mlio ambao hata mtumaji aliyepagawa hawezi kuukosea. Maneno ya kuombea roho yalipachikwa baadaye.

Ukaidi unatoka kwa neno moja tu, nalo ndilo tunalolitumia kuliko yote: OK. Hili ni kifupisho kweli, na ni la kabla ya 1900. Ila siyo kifupisho unachotumiwa. Ujumbe unaozunguka unasema ni "0 Killed", taarifa ya vikosi vya Marekani katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwamba leo hakuna aliyeuawa. Vita hivyo vilianza 1861. OK ilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, miaka 22 kabla ya risasi ya kwanza. Siku hizo vijana wa mjini Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi, kama wetu wanavyoandika "xaxa" na "cjui". "All correct" ikageuzwa "oll korrect", ikafupishwa o.k. Vifupisho vingine vya mzaha ule vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa: mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akigombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook wakaanzisha vilabu vya O.K. Van Buren alishindwa uchaguzi, neno likashinda. Aliyeichimbua habari hii katika magazeti ya zamani ni mtaalamu wa lugha Allen Walker Read, miaka ya 1960.

Waliokuja wakakaa

Ugumu wa Kiingereza unaeleweka ukijua nani alishuka pwani ya kisiwa kile, na lini.

Katika karne ya 5, baada ya Warumi kuondoka, walivuka bahari Waangli, Wasaksoni na wenzao kutoka pande za Ujerumani na Denmark ya leo. Hao ndio walioleta lugha yenyewe, na maneno yao ndiyo ya jikoni na shambani mpaka leo: "house", "bread", "water", "mother". Kisha mwaka 793 Waviking, mabaharia wa kutoka Skandinavia, wakavamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na baadaye wengi wao wakahamia kabisa, wakaoa, wakalima. Kwao vimetoka "sky", "knife", "husband", "law" na hata viwakilishi "they" na "them", jambo la ajabu, kwani ni nadra lugha kuazima neno dogo la namna hiyo. "Window" nalo ni lao, "vindauga", jicho la upepo.

Mchanganyiko huo haukutulia haraka. William Caxton, aliyeleta mtambo wa kwanza wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, anasimulia kisa katika dibaji ya kitabu alichokichapa mwaka 1490. Wafanyabiashara waliokuwa wakielekea Zeeland walikwama kwa kukosa upepo, wakashuka nchi kavu. Mmoja wao, Sheffelde, akabisha hodi nyumba moja na kuomba auziwe mayai, akasema "egges". Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Bwana yule akahamaki, maana na yeye hakujua Kifaransa. Alikuwa anasema Kiingereza! Mpaka mwenzake aliposema "eyren", mama akaitikia kwamba sasa ameelewa. "Egges" lilikuwa neno la Waviking kutoka kaskazini, "eyren" la Waingereza wa kusini. Caxton anauliza, kwa uchungu wa mchapaji, sasa mtu aandike lipi? Mtu wa Lamu aliyewahi kusikiliza Kiswahili cha Lubumbashi atamwonea huruma.

Katikati ya Waviking na Caxton, mwaka 1066, alikuja William wa Normandy. Wanormani walisema Kifaransa, na kwa karne tatu hivi lugha ya ikulu, mahakama na mabwana wenye ardhi ikawa hiyo. Ndiyo sababu ng'ombe akiwa malishoni ni "cow" na akifika mezani ni "beef". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Kondoo "sheep", nyama yake "mutton". Maelezo yanayopendwa ni kwamba Mwingereza alichunga na Mfaransa akala. Yalienezwa na riwaya ya Walter Scott, Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa 1819, ambamo mcheshi wa bwana mmoja Msaksoni anamweleza mchunga nguruwe siasa ya jambo hilo. Ni maelezo yenye ukweli, ila yamenyooshwa kupita kiasi. Maneno ya Kifaransa yaliingia kweli kwa njia ya walaji wakubwa, lakini kwa karne kadhaa "beef" liliweza kumtaja hata ng'ombe mzima anayetembea, na wingi wake ulikuwa "beeves". Mstari kati ya zizi na sahani ulichorwa polepole sana.

Mahakamani Kifaransa kiling'ang'ania zaidi. Mwaka 1362 ilitungwa sheria ya kuruhusu kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa kuwa raia hawaelewi kinachosemwa, na sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Mabaki yake bado tunayo. "Attorney General" ina sifa nyuma ya jina, kama Kifaransa na kama Kiswahili chetu, Mwanasheria Mkuu, ndiyo maana wingi wake ni "Attorneys General". Mawakili pia walizoea kusema jambo moja kwa maneno mawili, la Kiingereza na la Kifaransa, asibaki mtu nyuma: "will and testament". Baadaye ikawa tabia tu, hata maneno yote yawe ya upande mmoja. Wakenya waliisikia tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu David Maraga aliposoma kwamba matokeo ya urais ni "invalid, null and void". Matatu kwa maana moja, na yote matatu asili yake Kilatini.

Kwa nini hawaandiki wanavyosema?

Hili ndilo lalamiko letu kubwa. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambako a ni a popote ulipo, anafika kwenye "name" anasoma "na-me", darasa linacheka. Wanaocheka hawajui kwamba mtoto huyo angeeleweka vizuri tu kwa Geoffrey Chaucer, mshairi aliyekufa mwaka 1400. Wakati wake "name" lilitamkwa karibu na "naame", "time" likawa "tiime", na "see" lilikuwa na e ndefu kama ya Kiswahili. Kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote, moja ikiisukuma nyingine, katika badiliko ambalo wataalamu huliita Mhamo Mkuu wa Irabu. Bahati mbaya mtambo wa Caxton na warithi wake ulikuwa umekwisha anza kuzigandisha tahajia. Vinywa vikaondoka, herufi zikabaki, kama kituo cha daladala kinachoitwa Mbuyuni miaka mingi baada ya mbuyu kukatwa.

Herufi bubu nyingi zilikuwa na sauti zamani. "Knight" lilitamkwa lote, k na n, na ile gh ilikuwa sauti ya kooni, ile ile kh ambayo wazee wa mwambao huitoa katika "kheri". Waingereza waliipoteza. Katika "night" na "daughter" ilikufa kimya. Katika "laugh" na "enough" ikageuka f, na hakuna aliyewaambia waandishi wafute.

Nyingine hazikuwahi kutamkwa. Zilipandikizwa na wasomi waliotaka kujionyesha. Neno la deni lilitoka Kifaransa, "dette", likiandikwa bila b. Wasomi wa karne ya 16 waliokuwa wakihusudu Kilatini wakakumbuka "debitum", wakaipachika b, na "debt" ikabeba mzigo huo mpaka leo. "Receipt" ikapewa p kwa namna hiyo hiyo. Sisi tulipochukua "risiti" kwa sikio tuliiacha p huko huko. "Island" ni kosa la wazi kabisa: ni neno la asili la Kiingereza lisilo na s, lakini mtu alidhani ni ndugu wa "isle" la Kifaransa, akaliongezea. "Could" ina l kwa sababu tu "would" na "should" zinayo. Na "ghost" ilipata h kwenye matbaa: Caxton alikaa miaka mingi Bruges, alikuja na mafundi waliozoea tahajia za Kiflemi, na kwao neno hilo lilikuwa na gh.

"Colonel" ndiyo inayowachosha wanafunzi zaidi. Waitaliano walisema "colonnello", Wafaransa wakageuza "coronel", Waingereza wakachukua yote mawili. Mwishowe kalamu ikabaki na l na ulimi ukabaki na r. Kiswahili kikasema "kanali" kikaendelea na safari.

Kuna mzaha maarufu kwamba neno "fish" lingeweza kuandikwa "ghoti": gh ya "enough", o ya "women", ti ya "nation". Utaambiwa aliutunga George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia aliyepigania kweli marekebisho ya tahajia. Mzaha huo umo katika barua ya mwaka 1855. Shaw alizaliwa 1856. Na hauko sawa kitaalamu, kwani gh mwanzoni mwa neno la Kiingereza haitoi f hata siku moja. Kiingereza kina kanuni nyingi kuliko tunavyokipa sifa, ila zimetoka kwa watungaji wengi wasiojuana.

Visu vinavyokata pasipo maungio

Lugha ikisikia neno kwa sikio tu, hukata inapotaka. Kiingereza kilikuwa na "a napron", kitambaa cha kuvaa jikoni; watu wakasikia "an apron", n ikahamia jirani. Kinyume chake, mnyama mdogo "an ewt" akawa "a newt", na "an ekename", jina la nyongeza, likawa "a nickname".

Tusicheke sana. Waarabu walitupa "kitab", neno zima; sisi tukasikia ki- ya ngeli, tukatoa "vitabu". Mzunguko wa barabarani wenye kibao cha "keep left" ukawa kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. "Mudguard" ikageuka madigadi, na mtu makini akitaka moja tu anakwenda dukani kuomba digadi. Wataalamu wa lugha huona raha sana wakifika hapa, na wana haki.

Maneno tunayochangia nyumba

Mswahili ana faida moja ambayo Mwingereza mwenyewe hana: maneno mengi yanayoonekana ya Kizungu yalipita kwanza kwa Waarabu, nasi tuliyapata mlango wa mbele. Sukari na "sugar", kahawa na "coffee" kila mtu anayaona. Yapo yaliyojificha.

Sifuri ni "sifr", tupu. Hesabu za Waarabu, ambao nao walijifunza tarakimu kwa Wahindi, zilifika Italia, ambako Fibonacci aliziandikia kitabu mwaka 1202 na kuiita namba hiyo kwa Kilatini "zephirum". Likakatwa likawa "zero". Njia nyingine ya neno lile lile ikazaa "cipher", maandishi ya siri. Kwa hiyo Kiingereza kina watoto wawili wa sifuri na wengi hawajui ni ndugu. "Tariff", neno lililotawala habari za biashara za dunia mwaka 2025, ni ndugu wa taarifa: lilikuwa tangazo la viwango vya kutoza. "Admiral" ni amiri, yule yule wa amiri jeshi mkuu, aliyebaki na kipande cha "al" nyuma yake. "Magazine" mzizi wake ni wa hazina: ghala la kuweka vitu. Ndiyo maana bunduki ina magazini ya risasi, na mwaka 1731 mchapaji mmoja wa London alipoliita jarida lake The Gentleman's Magazine, alimaanisha ghala la habari. Tangu hapo majarida yote yakarithi. "Algorithm", linalolaumiwa siku hizi kila video ya ajabu ikikutokea, ni jina la mtu, al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, lililovurugwa na midomo ya Kilatini.

Sisi nasi tumetoa. "Safari", tuliyoipata kwa Waarabu, iliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19 pamoja na wasafiri kama Richard Burton, aliyetoka pwani yetu kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda, magazeti ya dunia yalimaliza kazi. Lakini Kiingereza kimelibana neno: kwao lazima kuwe na simba. Kwetu kwenda Tanga kwa basi kumzika mjomba ni safari kamili.

Na hapa lazima nikanyage kidole cha wazalendo. Inasemwa sana kwamba "jumbo", kitu kikubwa kupita kiasi, ni "jambo" yetu au "jumbe". Tembo Jumbo alikuwa kipenzi cha bustani ya wanyama ya London kuanzia 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, mwaka 1882, na jina lake likaenea mpaka kwenye ndege. Tembo huyo alikuwepo kweli. Ila neno "jumbo", kwa maana ya mtu mkubwa mzito asiyejimudu, lilikwisha andikwa Uingereza mwaka 1823, kabla tembo hajazaliwa. Kipimo tulichomtumia mtuma ujumbe wa FAMILY kinatuhusu na sisi.

Ukitaka kosa tunaloshiriki kwa haki, tazama bata mzinga. Ndege huyu ni wa Amerika, lakini Waingereza walimwita "turkey" kwa kumchanganya na kanga, ambaye walikuwa wakimpata kwa wafanyabiashara wa Uturuki. Waturuki wenyewe humwita "hindi", wa India. Wafaransa nao "dinde", wa India. Wareno wanasema "peru", ambako angalau ni ng'ambo inayostahili. Na sisi? Zao la kutoka Amerika lililofika kwa meli za kigeni tuliliita mahindi. Waitaliano zao hilo hilo wanaliita "granturco", nafaka ya Kituruki. Mgeni hupewa jina la mtu aliyemleta mlangoni, siyo la kwao.

Mvua ya paka na mbwa

Misemo ina matatizo kuliko maneno, maana kila msemo unaomba hadithi. Mwaka 1999 barua pepe moja ndefu ilizunguka dunia ikidai kueleza maisha ya Uingereza miaka ya 1500. Ilisema mvua kubwa huitwa ya paka na mbwa kwa sababu wanyama hao walilala ndani ya paa za nyasi, mvua ikinyesha wakateleza na kuanguka. Ilitungwa kwa mzaha, na bado inafundishwa. Aliyekulia chini ya makuti anajua nani anaishi humo: panya, mijusi, nyoka mara moja moja. Mbwa hajawahi kuonekana. Isitoshe, mnyama akiwa ndani ya makuti atateleza vipi, na mvua iko nje? Kilichoandikwa ni kwamba washairi na watunzi wa michezo wa karne ya 17 walikwisha kucheza na picha ya mbwa na paka wakinyesha, na mwaka 1738 Jonathan Swift akauweka msemo kama tunavyoujua, katika kitabu cha kudhihaki mazungumzo yaliyochakaa. Yaani hata wakati huo ulikuwa umechosha watu.

Anayetaka kuhakiki asihangaike. Kamusi kubwa za Kiingereza, hasa ile ya Oxford, huonyesha mwaka ambao neno lilionekana kwanza kwenye maandishi na sentensi lililomo. Linganisha mwaka huo na hadithi uliyotumiwa. Kisha angalia lugha jirani: neno la zamani lenye ndugu Ufaransa, Italia na Ujerumani haliwezi kuwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza.

Kamusi hizo hizo huwa na ujasiri wa kuandika "asili haijulikani", na siyo kwa maneno adimu tu. Waingereza wa kale walimwita mbwa "hund", kama Wajerumani wanavyomwita mpaka leo. Neno "dog" likajitokeza mwishoni mwa zama hizo, likiwa adimu, bila ndugu wa kueleweka katika lugha yoyote jirani, na ndani ya karne chache likamfukuza mwenzake akabaki kuwa jina la mbwa wa kuwindia tu. Karne za utafiti hazijapata lilikotoka. Nasubiri kundi la ukoo litakaponitumia jibu.